Mjadala: Dada wa chekechea ana miaka 10 kazini. Arudi kusoma, au apimwe apewe cheti?

Kiti Kidogo: Tuliongee bila matusi. Chekechea za mtaani na vituo vya kulelea watoto, hapa Mombasa kuanzia Kisauni mpaka Mikindani, vimeshikwa na akina dada waliojifunzia kazi papo hapo kazini. Sasa kila mlango wanaulizwa cheti cha ECDE, yaani cha elimu ya watoto wadogo. Wasome saa ngapi, na watoto wabaki na nani? Tangu 2024 Kenya ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa: unaomba, unajipima mwenyewe, unakusanya ushahidi wa kazi yako, unatahiniwa kwa vitendo na kwa maswali. Mimi nasema wapimwe. Nyinyi je?

Chaki Mbili: Kupima si kufundisha. Asiyejua kuandika andalio la somo ukimpima leo, kesho bado hajui. Na huo ushahidi wa kazi tunaujua. Rekodi za maendeleo za mwaka mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, karatasi haina hata tone la uji. Mtahini akifika ukurasa wa tatu ashajua zimeandikwa jana usiku. Waende chuo kama wenzao. Tena kuna waliotoka madrasa, wanachojua ni kukaririsha na bakora, leo nao waitwe walimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea?

Bint Kibokoni: Ebo! Waende chuo? Kwetu sisi chuoni ni madrasa, ndiko huko huko unakokutukana. Na hiyo chekechea ya kucheza mnayojivunia, pwani hii imetoka madrasa. Ule mradi wa Wakfu wa Aga Khan, Unguja, miaka ya tisini...

Mzee wa Kongowea: Hapo umeteleza, mwanangu. Ulianza hapa hapa Mombasa, 1986, madrasa ya Liwatoni. Unguja ilifuata 1990, Uganda 1993. Lakini hoja yako iko sawa. Walichukuliwa wanawake wa mtaa ule ule wakafunzwa huku wanafundisha, mkufunzi anawafuata darasani. Wakati huo huo serikali nayo, kupitia vituo vya DICECE, vya wilaya vya elimu ya watoto wadogo, ilikuwa na kozi ya miaka miwili: likizo uko mafunzoni, muhula ukianza uko na watoto wako. Kusoma ukiwa kazini si jambo la jana.

Foleni ya Feri: Jambo lenyewe mmeliruka. TP, yale mazoezi ya kufundisha! Dada anayelea watoto wa miezi 6 hadi miaka 3 hana PP1 wala PP2 ya kufanyia mazoezi. Mkaguzi anataka kuona watoto wa miaka 4 au 5 na somo la dakika 30. Atawapata wapi bila kuacha mshahara? Hata mwenye darasa lake, mwajiri wake hamhesabu kuwa ni mwanafunzi. Mkaguzi akija saa nne anamkuta jikoni akikoroga uji, darasa liko na mpishi.

Bint Kibokoni: Foleni, ngoja kidogo. Chaki hajanijibu.

Chaki Mbili: Nimesema "kuna waliotoka", sikusema wote. Jifunze kusoma.

Bint Kibokoni: Mie kusoma najua tangu alifu. Wewe ushaingia darasa la namna hiyo? Kuna kona ya nyumbani, ya duka, ya vitabu, ya mchanga na maji. Mtoto anasema atacheza wapi na atafanya nini, anacheza, halafu anawaeleza wenzake alichofanya. Vifaa ni vifuu, mbegu, kamba za makumbi, vifuniko vya soda. Bakora umeiona kona gani?

Chaki Mbili: Vifuniko vya soda kwa watoto wadogo! Asante kwa kunisaidia. Mtoto akimeza kimoja utamwambia mzazi ni kona ya duka?

Karai la Mchanga: Hapa Chaki anasema kweli, ila jibu lake analijua yaya yeyote mwenye akili. Chukua kiini cha karatasi ya chooni, kile kibomba cha ndani. Kinachopita humo hakipewi mtoto aliye chini ya miaka 3. Kifuniko cha soda kinapita, kifuu hakipiti. Kifuu nacho kipigwe msasa ukingoni hadi kidole kisikwaruzike, na zile nyuzi za nje zikwanguliwe, zinashika uchafu. Ujuzi wa namna hii ndio Kiti Kidogo anataka upimwe, nami namuunga mkono.

Shanga Saba: Na hayo maandalio ya somo Chaki anayotutishia, wenye vyeti wenyewe yanawashinda. Dakika 30: utangulizi 5, somo lenyewe 20, kumalizia 5. Wimbo wa kufungulia unakula 15, udongo ukigawanywa kengele ishalia. Kwa hiyo walalamikieni TSC, tume ya walimu, ndio waajiri.

Mzee wa Kongowea: TSC si mwajiri wa chekechea. Katiba ya 2010, Ratiba ya Nne, imeipa kaunti elimu ya kabla ya msingi na vituo vya kulelea watoto. TSC inakusajili uwe mwalimu. Na usajili wenyewe una shimo ambalo watu wa pwani hutumbukia kila mwaka: majina. Kitambulisho kinasema Fatma Mohamed, cheti cha KCSE, cha kidato cha nne, Fatuma Mohammed, cheti cha mafunzo kimeongeza jina la babu. Karatasi tatu, watu watatu. Zilinganishe kabla hujalipa ada hata shilingi, kwa sababu kurekebisha cheti cha mtihani ni safari ndefu. Cheti cha tabia njema cha polisi pia, ile fomu ya C24 na vidole vyote kumi, usingoje wiki ya mwisho.

Kiti Kidogo: Shukrani, mzee. Sasa turudi kwenye swali: wapimwe au wasome?

Chaki Mbili: Wasome. Hata huo udongo wa kuchezea hawajui kuutengeneza. Siku ya ukaguzi unanata kama ulimbo.

Karai la Mchanga: Unanata kwa sababu ya hewa ya Mombasa. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta vijiko 2, maji kikombe 1 lakini uyatie kidogo kidogo, mara nyingi hayaishi yote. Chumvi inavuta unyevu. Uuache wazi mezani asubuhi, saa nne ni rojo. Uweke kwenye kopo lenye kifuniko, ukilainika ongeza unga, usiongeze chumvi.

Shanga Saba: Kikombe kizima cha chumvi? Mtoto mwenye kidonda cha kidole atalia mpaka feri isikie.

Karai la Mchanga: Ukipunguza utaota ukungu siku ya tatu. Mwenye kidonda mpe mchanga.

Foleni ya Feri: Jamani, TP?

Bint Kibokoni: Chumvi nusu kikombe yatosha, ukiuweka kwenye friji.

Chaki Mbili: Friji! Chekechea gani ya Kisauni ina friji?