Kunificha stetasi MIMI?

Wadau, naandika huku mikono inatetemeka. Mpenzi wangu yule yule mnayemjua, tuliyekutana mtandaoni, yule wa "intaneti ndiyo mshenga wetu", amenificha stetasi ya WhatsApp. Mimi!

Niko saluni Mwenge nasukwa. Dada wa pembeni anaperuzi, mara naona shati. Shati la bluu nililolinunua Kariakoo kwa hela yangu! Ndani ya shati yumo yeye, begani kalaliwa na binti, chini imeandikwa "Malkia wangu" na makopakopa hadi simu inataka kupasuka. Dada ana namba yake kwa sababu hununua viatu kwake. Nafungua simu yangu: hakuna kitu! Kwangu kaacha "Jumapili njema" tu.

Yaani alikaa, akaingia kwenye mipangilio, akashuka na majina mpaka langu, akalitia tiki. Kidole hakikuganda! Wateja wa viatu Tanzania nzima wameona, mnunua shati sijaona. Tangu WhatsApp walete stetasi 2017, mapenzi yamekwisha. Akalitia tiki jina langu!

Kijoti: Tuwekee picha ya shati kwanza.

Shangazi wa Tanga: Pole mwanangu. Na tiki za bluu alizima?

Mleta uzi: Alizima kitambo, shangazi. Eti anaokoa chaji.

Shangazi wa Tanga: Chaji! Na wewe ukaamini.

Mzee wa Salamu: Enzi zetu ni kadi za salamu, Radio Tanzania. Ukimsalimu hawara, nchi nzima inasikia, na mkeo jikoni anasikia. Hapakuwa na kumficha mtu.

Fundi Selemani: Msiisingizie intaneti. Mimi mke nimempata Facebook, yeye Bukoba mimi Mtwara, na watoto tunao. Huyo jamaa hata kwa barua angekuficha tu.

Mleta uzi: Barua haina sehemu ya kuweka tiki jina langu!!!

Mnyonge Msongeni: Afadhali wewe umefichwa. Mimi nimemtumia mtu nauli Mwanza–Dar, na ya kutolea juu. Juzi gari limeharibika Shinyanga. Jana limeharibika Singida. Basi gani hilo?

Kijoti: Hahahaaa, nauli imeliwa hiyo.

Fundi Selemani: Mkuu, hela mkononi unatuma ya nini? Kata tiketi mtandaoni kwa jina lake, umtumie tiketi.

Abiria Mstaarabu: Tiketi za mtandaoni msiniambie. Nimelipia siti ya dirishani, nakuta kakaa mama na jogoo. Konda ananiambia "elewaneni".

Shangazi wa Tanga: Jogoo kakatiwa tiketi?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye uzi. KANIFICHA STETASI. Na shati ni langu!

Kijoti: Mdau wa nauli, leo limeharibikia wapi?

Mnyonge Msongeni: Dodoma. Anaomba hela ya chakula.