Nimepanga chumba juu mlimani mji wa baharini, mama anakuja na goti bovu. Nibaki au nishuke chini?

Mpangaji_wa_Juu:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa kwa aliewahi kukaa miji ya aina hii. Nipo wiki ya pili kwenye mji mdogo wa baharini ambao wote umepanda mlima, yaani nyumba zimekaa kama zimebebana mabegani, paa la jirani wa chini liko usawa wa miguu yangu. Mimi nimepata chumba juu kabisa. Kutoka ufukweni mpaka mlangoni kwangu ni ngazi 214, nimezihesabu mara tatu.

Nimepapenda sana. Asubuhi nikifungua dirisha bahari yote iko mbele, mashua zinaonekana ndogo kama punje za mchele, halafu mchana upepo unapanda kutoka majini unapoza chumba mpaka feni siwashi. Usiku nasikia watu wanaongea kule gatini, mtu akikohoa namsikia. Katikati ya njia kuna ngazi moja imelika imekuwa kama bakuli kwa kukanyagwa, kila nikifika hapo mkono unaenda wenyewe ukutani.

Sasa shida ni hii, mama angu anakuja kukaa na mimi siku 10 na goti la kulia linamsumbua miaka mingi. Kuna chumba kingine chini karibu na maji, hakina ngazi hata moja, ila nilivyoenda kukiona ukuta una ukungu na bawaba za mlango zimeliwa na kutu. Na mimi nataka mama aione bahari kama ninavyoiona huku juu, hicho ndo kilichonifanya nimwite. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Goti_la_Chuma:
Pole mkuu. Watu wengi wanaogopa kupanda kumbe kwa goti bovu kazi kubwa ni kushuka, kila hatua uzito wote unaangukia goti moja na misuli ya paja ndo inashika breki. Mimi nina tatizo kama la mama na nilifundishwa hivi: kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza ule unaouma. Fimbo ashike mkono wa kushoto maana goti bovu ni la kulia, wengi wanashika upande wa maumivu na wanakosea. Na pale kwenye ngazi iliyolika usimwache apite peke yake.

Bibi_Pwani:
Mwanangu hicho chumba cha chini kiache. Ukungu ukutani maana yake hewa haizunguki, na chumvi ya bahari inavuta unyevu, nguo unaanika asubuhi jioni bado zina ubaridi, shuka nazo hivyo hivyo. Mtu mwenye maumivu ya viungo alale humo siku 10? Halafu uliza maji yanafika wapi wakati wa bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inajaa kuliko siku zingine, usije ukaona mlango uko mbali na maji kumbe umeenda kuuona siku za maji mafu.

Tembea_Uone:
Nimewahi kukaa Valparaíso kule Chile, mji wa vilima juu ya Pasifiki, wenyewe wana vibehewa vya kupandisha watu mlimani tangu 1883. Kilichonifunza ni kutouliza ngazi ngapi kutoka baharini, uliza ngazi ngapi kutoka pale gari linapoishia. Miji mingi ya milimani barabara inazunguka kwa nyuma inatokea juu. Umeangalia huko kwako?

Mpangaji_wa_Juu:
Wakuu asanteni mno. Tembea_Uone umenifungua macho, maana siku zote nilikuwa nashuka baharini tu sikuwahi kupanda kwenda nyuma ya nyumba. Leo alfajiri nimepanda, barabara ipo na gari linafika! Kutoka hapo mpaka mlangoni ni ngazi 38 za kushuka, zina bomba la kushikilia upande mmoja na katikati kuna kibaraza cha kupumzikia.

Goti_la_Chuma:
38 anaziweza akienda taratibu. Ila angalia bomba liko upande gani, na usimpangie kutoka na kurudi mara mbili kwa siku.

Mpangaji_wa_Juu:
Akishuka liko kushoto, kwa hiyo akipanda litakuwa kulia, fimbo anabaki nayo mkono wa kushoto kama ulivyosema na akishuka mimi ntakuwa upande wa kulia. Siku za kwenda kugusa maji tutazunguka na gari mpaka gatini. Mwenye chumba cha chini nimeshamwambia asinisubiri. Mama nae nimempigia nikamweleza yote, kaniuliza swali moja tu, hapo dirishani kuna kiti? Kipo kigoda, na kwa goti lile akikaa chini hivyo kuinuka itakuwa shida, kwa hiyo sasa hivi natoka kutafuta kiti chenye mikono.