Naomba ushauri: leseni ya kampuni ya ving'ora hapa Texas

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Niko Dallas, mwaka wa nne nafunga ving'ora vya nyumba kwa kampuni ya watu. Kadi yangu ya ufundi ni halali, ila ni ya mwajiriwa tu. Sasa nataka kusimama mwenyewe.

Juzi mama mmoja wa kwetu alinionyesha sensa ya mlango (kifaa cha kuhisi mlango ukifunguliwa) aliyofungiwa na fundi wa mtaani: imeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, waya unaning'inia. Iliniuma sana, maana analala akiamini analindwa.

Nimesoma sura ya 1702 ya sheria za Texas za kazi zinazohitaji leseni (Occupations Code). Kampuni hupata leseni kutoka Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo (DPS), lazima iwe na meneja aliyetimiza masharti, na bima. Bei za bima nimeshaulizia, naziweza. Nilipokwama ni hapa:

Je, naweza kuwa meneja wa kampuni yangu huku bado nimeajiriwa kwingine? Na nikifunga kamera peke yake, bila king'ora, bado nahitaji leseni hiyo?

Aliyeipitia njia hii Texas, tafadhali anieleze alivyofanya.