Gari imetoka gereji na matatizo mapya, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana sielewi nishike lipi. Gari niliipeleka gereji kubadilisha gasketi ya tapeti tu (ile inayoziba kava la juu ya injini), ilikuwa inavujisha oili kidogo ila injini inavuta vizuri haina shida yoyote. Sasa toka imerudi sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, nikikanyaga mafuta inakuwa nzito na inamisi (inakatakata), halafu taa ya injini imewaka, na nikipanda mlima ile taa inaanza kuwakawaka kabisa. Najua ikifika hapo petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuua masega (kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi), ndo maana nimeamua kuipaki.

Fundi anasema plagi zimechoka, ninunue mpya. Siafiki kabisa, iweje zichoke siku hiyohiyo aliyogusa injini? Nimefungua boneti nikaangalia mwenyewe, kuna mpira mdogo wa hewa unaning'inia pembeni ya kava la tapeti haujachomekwa popote, na koili moja (inayopeleka umeme kwenye plagi) imekaa upande, bolti yake haipo.

Je huo mpira ukiwa wazi unaweza kuleta hiyo shida ya sailensa? Na nirudishe kwake atengeneze bure, au nipeleke kwingine kwanza wapime na mashine nipate karatasi ya majibu mkononi kabla hajagusa tena? Picha nimeshapiga. Aliyewahi kupitia hili anisaidie jamani, hii gari ndo naitegemea kupeleka watoto shule.