Naombeni ushauri, nimeharibu kisu changu cha deba kwa kukinoa vibaya

Habari zenu wakuu. Niko Osaka kimasomo, mwezi uliopita nikaenda warsha ya kufua visu pale Sakai, mji wa jirani huku Japani, tukapewa chuma laini kilichoungwa na chuma kigumu cha kaboni, tukagonga wenyewe (mkono uliniuma siku tatu), tukakizamisha kwenye maji kikiwa chekundu, mwisho tukatia mpini wa mti. Nikatoka na deba, kile kisu kizito cha samaki.

Sasa deba ina makali upande mmoja tu, nyuma ni bapa na katikati pamebonyea kidogo. Mimi kwa mazoea ya nyumbani nikanoa pande zote mbili sawasawa kwa kinoo namba 1000 (namba ikiwa ndogo, kinoo kinakwaruza zaidi), basi tangu hapo nikitoa minofu kisu kinaenda kombo, na nyuma kuna kamstari karibu na makali. Nimejaribu kukilaza bapa kwenye kinoo kama dakika 20 hivi, kamstari bado kapo.

Je, niendelee na 1000 au nishuke kwanza 400? Na nikisugua sana huko nyuma si nitaua ule ubonyeo?

Halafu kutu jamani, nikikata limao nikasahau kufuta tu, madoa. Napaka mafuta ya alizeti ila yananata, huku wanauza ya tsubaki (mbegu za ua la kamelia), kuna aliyeyatumia?

Kumrudia fundi naona aibu, maana kwao hata kunoa ni kazi ya mtu mwingine kabisa, anayefua siye anayenoa, halafu mimi nimejifanya najua.