Re: Nafuu za Washington zimeisha, jimbo je?

Wandugu, hamjambo? Bili ya gesi ya mwezi jana imenitoa jasho kwenye baridi hii. Nilipanga kuweka pampu ya joto (ile mashine ya umeme inayopasha nyumba badala ya gesi), lakini anayetujazia fomu za ushuru anasema nimechelewa, nafuu za ushuru zimefutwa. Ndiyo basi? Nyumba ni ile ya mbao ya ghorofa tatu, sisi chini, wapangaji juu.
Mama Neema, Worcester, Massachusetts

---

Mama Neema, pole. Kilichokufa ni cha Washington, yaani serikali kuu, kwa sheria aliyotia sahihi Trump tarehe 4 Julai 2025. Nafuu ya asilimia 30 ya gharama za sola na zile dola 2,000 za pampu ziliisha 31 Desemba 2025. Ya magari ya umeme ilitangulia, 30 Septemba. Kama fundi alikuwa amemaliza kazi kabla ya Desemba kuisha, dai. Kama ulilipa amana tu, imekula kwako.

Massachusetts haikufuta yake. Sheria ya jimbo ya 2021 inadai hewa chafu ishuke hadi nusu ya kiwango cha 1990 ifikapo 2030, na hawafiki huko bila kugusa boila zetu. Mlango ni Mass Save, mpango wa jimbo unaoendeshwa na kampuni za umeme na gesi kusaidia nyumba zitumie nishati kidogo. Usione haya, si sadaka: ada yake hukatwa kwenye bili yako kila mwezi. Ni chama unachochangia miaka yote na zamu yako hujawahi kuchukua.

Anza na ukaguzi wa nyumba, ni bure. Usianze na pampu! Mimi nilianza nayo nyumba ikivuja upepo kama tenga, umeme ukapanda kuliko gesi niliyoikimbia. Ziba kwanza. Kujaza kuta na dari wanalipa asilimia 75 au zaidi, na familia yenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo haitoi senti. Pampu ifuate, kuna mkopo wa hadi dola 25,000 usio na riba (Waislamu wetu, mmesikia).

Ila usikawie. Jimbo nalo linabanwa: mapema 2025, watu walipopigia bili kelele, bajeti ya miaka mitatu ya Mass Save ilikatwa dola milioni 500.
Baba Zawadi, Lowell

---

Naongezea. Wapangaji pia wanaweza kuita mkaguzi, ila kuta haziguswi bila idhini ya mwenye nyumba. Walio Shrewsbury, umeme wenu ni wa mji wenyewe, si wa kampuni za Mass Save, ulizeni huko kwanza. Na nyumba hizi kuukuu zina nyaya za zamani zilizoshikiliwa kwa vigingi vya kauri. Zikionekana, kazi inasimama mpaka fundi umeme azishughulikie. Kwetu ilichukua miezi minne.
Jirani, Worcester

---

Asanteni. Kuna mwenye ngazi ndefu Jumamosi? Nataka kuchungulia darini kabla mkaguzi hajaja.
Mama Neema