Vanishi ndani ya boti ya mvule inanata na ina mabaka meupe

Kibirizi_Boti: Wakuu, salaam. Boti ya futi 28 iko nchi kavu hapa Kibirizi, Kigoma. Kabini ni mvule mtupu: kuta, benchi na makabati, kama mita za mraba 12. Imepigwa vanishi ya mafuta mikono (tabaka) miwili. Wiki imepita, kuta bado zinanata, na mbao za chini karibu na ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) zina mabaka meupe. Nipige mkono wa tatu au nikwangue?

Seremala_Ujiji: Usiongeze mkono, mkuu. Hayo ni magonjwa mawili. Kunata kunatoka kwa mvule wenyewe: una mafuta ya asili yanayozuia vanishi ya mafuta isikauke. Weupe ni maji yaliyo ndani ya mbao, yanatafuta pa kutokea.

Kwangua yote kwa skrepa, maana msasa utajaa vanishi mbichi dakika mbili tu ukauacha. Kisha msasa namba 80, 120, malizia 180, kila mara ukifuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi, kila mkwaruzo utauona vanishi ikiingia. Vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha koo na macho. Mwisho futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, ukibadilisha hadi kitoke bila rangi. Ikishapaa, piga vanishi muda huohuo. Ukiacha mpaka kesho mafuta yatakuwa yamepanda tena.

Brashi_Mbili: Naongezea vipimo. Mkono wa kwanza nusu vanishi nusu tapentaini, upenye. Wa pili, vanishi tatu kwa tapentaini moja. Wa tatu hadi wa tano usichanganye. Tina ya kupulizia magari isiingie humo kabisa, itakunja mikono ya chini. Kati ya mikono piga msasa 240: ukitoa unga mweupe mkavu, endelea, ukiviringika vipande kama ufutio, subiri siku nyingine. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12, kwa hiyo nunua vanishi lita 5 na tapentaini lita moja na nusu, pamoja na ya kuoshea brashi. Vichwa vya mbao (ncha zilizokatwa) ongeza mikono miwili, ndiko maji yanakoingilia.

Kibirizi_Boti: Asante sana. Vipi ile vanishi ya poliyurethani ya makopo mawili, unayochanganya kabla ya kupaka? Wanasema ni ngumu zaidi.

Seremala_Ujiji: Ni ngumu kweli, ndiyo shida yake. Mbao za ukutani zinavimba na kunywea, yenyewe haifuati, inapasuka kwenye maungio. Iweke juu ya meza ya plaiwudi, huko inafaa.

Katonga77: Mabaka ya chini hayataisha kwa vanishi. Kagua kalafati (pamba ya kuziba maungio ya mbao) kwanza, kausha ngama, na sehemu inayokaa maji ipake rangi ya boti. Fanya kazi hii kiangazi hiki kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza, asubuhi umande ukishakauka. Fungua madirisha yote na chomoa betri: mvuke wa tapentaini ni mzito kuliko hewa, unatuama ngamani ukingoja cheche. Matambara yenye vanishi yaloweke kwenye ndoo ya maji, yakirundikwa yanaweza kujiwasha yenyewe.

Kibirizi_Boti: Na sakafu?

Katonga77: Usiing'arishe. Ikilowa, abiria atateleza. Iache mbao tupu.